Mtu Akilia Hivi

Alhamisi moja ya Novemba ilifika zamu yangu ya kuleta wimbo kwenye jioni ya kusikiliza ya chama chetu. Wanachama wa siku nyingi wanaujua utaratibu: mtu huleta wimbo mmoja, huueleza kwa Kiswahili kwa dakika kumi, kisha tunakunywa chai na kujadiliana. Wiki zilizotangulia tulikuwa tumemsikiliza Siti binti Saad, Bi Kidude, Mbaraka Mwinshehe, Les Wanyika na Remmy Ongala. Mimi nilileta Duma.

Nilianza na jina. Nilisema duma ni mnyama wa mbugani anayewashinda wote kwa mbio, na kwamba vijana wawili wa Nairobi walijiita hivyo kwa sababu muziki wao una kasi ya kutisha. Kisha nikabonyeza kitufe. Kwa nusu dakika ya kwanza watu walitabasamu kwa adabu. Ilipofika dakika ya kwanza, mwenzetu mmoja alikishika kikombe chake kwa mikono miwili. Dakika ya pili ilipotimia, Mwalimu aliinua mkono, nami nikapunguza sauti. Aliuliza swali moja tu, tena bila ukali wowote: "Mwanangu, maneno yako wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilisema kitu kuhusu hisia, nikaketi. Makala haya ndiyo jibu langu. Limechelewa, na katika kuchelewa kwake limenilazimisha kukiri kosa ambalo hakuna aliyelisahihisha jioni ile, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba ni kosa.

Niwaeleze kwanza albamu yenyewe. Duma ni Martin Khanja, anayejulikana jukwaani kama Lord Spikeheart, na Sam Karugu. Kabla ya kuungana, walipitia bendi za metali za Nairobi, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura, ambazo huwezi kuzisikia kwenye matatu wala kwenye harusi. Mwaka 2019 walikwenda Kampala, wakarekodi kwa miezi mitatu, na Agosti 2020 albamu yao ya kwanza, iliyobeba jina lao, ikatolewa na Nyege Nyege Tapes. Jina hilo la lebo ni la Kiganda, na kule maana yake ni ile hamu ya ghafla ya kuinuka ucheze. Nililitaja mbele ya chama nikiwa nimeinamisha macho. Waliocheka wanalijua kamusi letu linasema nini.

Ndani ya albamu hiyo hamna mpiga dramu. Sam aliacha besi aliyokuwa akipiga zamani, akashika gitaa na kompyuta, na kompyuta ndiyo inayopiga midundo, kwa kasi ambayo mikono ya binadamu ingeshindwa kuiendeleza. Juu yake kuna mvumo kama wa jenereta iliyofungiwa chumbani. Juu ya mvumo huo, Martin anapaza sauti: mara inakwaruza chini kooni, mara inachanika juu kama karatasi. Sitawadanganya kwamba yote yananifurahisha. Kuna sehemu ambazo masikio huchoka, na kuna siku nimeizima katikati. Lakini sijawahi kusikia albamu ya Afrika Mashariki inayokataa kubembeleza kiasi hicho.

Mimi ni mtoto wa muziki huu. Nimezaliwa London na kukulia upande wa mashariki wa jiji, na tangu nilipokuwa na miaka kumi na sita nimekuwa nikivuka mto kwenda kwenye baa ya New Cross Inn, ambako bendi za panki hupiga huku watu wakisukumana mbele ya jukwaa. Kwa hiyo jioni ile nilikuwa na historia yake yote kichwani. Historia hiyo ni ya kweli, na wasioujua muziki huu wanaihitaji, basi naiweka hapa kwa ufupi.

Kutoka Bloomsbury hadi Neal Street, Covent Garden, ni mwendo wa dakika kama ishirini kwa miguu. Hapo mwaka 1977 palikuwa na klabu iliyoitwa Roxy, na humo bendi za panki za London zilipiga wakati kumbi nyingi hazikuzitaka. Mojawapo ilikuwa X-Ray Spex. Mwimbaji wake, Poly Styrene, alikuwa binti aliyekulia Brixton, na baba yake alikuwa Msomali. Albamu yao ya kwanza ilitoka Novemba 1978. Nalitaja hili kwa sababu watu hudhani mtoto wa Afrika Mashariki akipiga panki amevamia shughuli ya wenyewe. Tulikuwapo ukumbini tangu mwanzo.

Metali ina chimbuko lake Birmingham, jiji la viwanda. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwanda cha mabati alipokuwa kijana. Alijitengenezea vifuniko vya vidole, na baadaye akalegeza nyuzi za gitaa ili zisimuumize. Nyuzi zilizolegezwa hutoa sauti nzito ya chini, na uzito huo ukawa alama ya metali dunia nzima. Kwa miaka kadhaa watu wa panki na watu wa metali hawakupatana: hawa walijiona watu wa mtaani na wale wakaonekana watu wa majukwaa makubwa na nywele ndefu. Bendi ya Motörhead, iliyoundwa hapa London mwaka 1975, ilikuwa miongoni mwa chache zilizopendwa na pande zote mbili.

Kisha pande hizo zikaoana. Mwaka 1982 bendi ya Discharge kutoka Stoke-on-Trent ilitoa albamu yake kubwa ya kwanza. Ilikuwa panki ya hadikoo, yaani panki iliyoongezwa kasi na ghadhabu na kupunguzwa kila pambo, lakini gitaa lake lilikuwa na uzito wa metali. Metallica wa Marekani waliwaheshimu kiasi cha kurekodi upya nyimbo zao mbili mwaka 1998. Mwaka 1987 Napalm Death wa Birmingham walitoa albamu yao ya kwanza, Scum, yenye nyimbo 28 ndani ya muda wa nusu saa na ushee, mmoja wao ukiwa wa sekunde moja hivi. Mwaka huohuo John Peel, mtangazaji wa BBC, aliwaita London kurekodi kwa ajili ya kipindi chake. Mtindo huo uliitwa graindikoo, na Duma ni wajukuu wake.

Ukisikiliza Duma kwa sikio la mwanafunzi, unaweza kuugawa urithi huo kama anayegawa mirathi. Kutoka kwenye panki wamechukua hasira, ufupi, na ule moyo wa kujifanyia wenyewe bila kungoja redio wala kampuni kubwa. Kutoka kwenye metali wamechukua mambo matatu: sauti ya koo inayonguruma badala ya kuimba, uzito wa gitaa, na midundo inayomiminika bila kupumua. La nne ni la kwetu. Kabla yao, lebo hiyohiyo ilikwisha kutoa singeli ya Dar es Salaam mwaka 2017, na mtu aliyewahi kucheza singeli Manzese hatashangazwa na kasi ya Duma. Atashangazwa na giza lake.

Na hapo kwenye giza ndipo kosa langu lilipo.

Wiki moja baada ya jioni ile, Baba alirudi kutoka zamu ya usiku. Ni muuguzi, na ana desturi ya kunywa chai jikoni kabla ya kulala, kitambulisho cha kazi kikiwa bado shingoni. Nilikuwa nikisikiliza albamu kwa sauti ya chini, nikijitesa na swali la Mwalimu. Akaitazama simu iliyokuwa mezani.

"Duma," akasoma. "Ni nini hiyo?"

"Bendi ya Nairobi, Baba. Duma, yule mnyama."

"Wanaitwa nani hao vijana?"

Nikamtajia. Akacheka hadi akaweka kikombe chini. "Karugu! Unaniambia mtoto wa Karugu amejiita mnyama wa Kiswahili? Hiyo ni nduma. Ni Kikuyu. Ni giza."

Nilifungua maelezo ya albamu. Ilikuwa imeandikwa waziwazi, tangu siku ya kwanza: Duma, giza kwa Kikuyu. Nilikuwa nimeliona neno la Kiswahili nikaacha kusoma. Nilisimama mbele ya chama cha Kiswahili, mimi mwenye jina la Kikuyu kwenye pasipoti, nikalitafsiri neno la nyanya yangu kana kwamba halikuwa na wenyewe.

Lazima nieleze kwa nini liliniuma. Nyumbani tulizungumza Kiingereza. Wazazi wangu waliamua hivyo kwa nia njema, na sitawalaumu hapa. Cucu wangu, mama yake Baba, anaishi Murang'a na hajui Kiingereza. Nilipojiunga na darasa la Kiswahili mwaka wa kwanza, niliandika kwenye fomu kwamba nataka kuzungumza na nyanya yangu. Mwezi wa tatu wa masomo nikampigia, nikamwamkia kwa sauti kubwa: "Shikamoo, Cucu! Hujambo? Habari za nyumbani?" Alinyamaza. Akajibu neno moja, kisha akamwomba Baba. Nilidhani simu ilikuwa mbaya. Nilimpigia tena mara mbili muhula ule, na mara zote mbili akanyamaza vilevile. Niliacha kupiga, nikaendelea na masomo.

Asubuhi ile jikoni nilimuuliza Baba, kwa mara ya kwanza, kwa nini Cucu hapendi Kiswahili changu.

Baba hakujibu mara moja. Aliniuliza kwanza kama ninajua Cucu alizaliwa lini. Sikujua. Alizaliwa mwaka 1945. Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya Oktoba 1952 alikuwa na miaka saba, na mwaka 1954, serikali ya kikoloni ilipoanza kuwahamisha Wakikuyu kwa nguvu kuwaingiza kwenye vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na uzio, watu zaidi ya milioni moja, alikuwa na miaka tisa. Babu yake Baba alikuwa amechukuliwa. Usiku kulikuwa na kafyu. Askari walipokuja mlangoni, wengi wao hawakuwa watu wa pale, na lugha waliyoitumia ilikuwa Kiswahili.

"Toka. Kaa chini. Lete kipande. Nyamaza," Baba akasema, akihesabu kwa vidole. "Hicho ndicho Kiswahili alichojifunza kwanza. Sasa wewe unampigia simu, mjukuu wa Ulaya, unamsemesha kwa Kiswahili safi cha shule, tena kwa sauti ya juu. Anakupenda. Lakini mwili unakumbuka."

Wanachama wenzangu, nimefikiri sana kama niliweke jambo hili kwenye jarida letu. Tunakipenda Kiswahili. Tunajivunia kwamba ni lugha ya umoja, lugha ya Azimio la Arusha na ya Umoja wa Afrika, na yote hayo ni kweli. Lakini kuna mwanamke Murang'a ambaye kwake ni lugha iliyogonga mlango usiku. Sioni kama heshima yetu kwa lugha hii itapungua tukilijua hilo. Naona itakuwa na macho.

Jumapili iliyofuata tulimpigia Cucu pamoja, Baba akitafsiri. Nilikuwa nimejizoeza sentensi yangu ya kwanza ya Kikuyu, ya kumwomba anieleze juu ya nduma. Alifurahi mno. Akanieleza kwa dakika nzima jinsi ya kuzimenya, kuzichemsha na kuzila na chai, na akamwuliza Baba kama kweli London zinapatikana. Nilikuwa nimemwuliza juu ya yale magimbi tunayoyaita nduma kwa Kiswahili cha Kenya. Kwa Kikuyu, kati ya magimbi na giza kuna tofauti ya irabu moja, nayo ni irabu ambayo Kiswahili hakina. Baba alicheka, Cucu alicheka, na mimi nikacheka kwa mara ya kwanza nikiwa na nyanya yangu kwenye simu.

Baba alipomsahihishia, kicheko kilikwisha taratibu. Akasema kwamba giza la kijiji kile halikuwa kama giza la kawaida. Mama yake aliwafundisha watoto kulala bila kukohoa. Usiku mmoja walisikia mtu akilia nyumba za upande wa pili, mwanamke, kwa muda mrefu. Nilimwuliza, kupitia kwa Baba, walifanya nini. Akajibu kwamba hawakufanya kitu. Kafyu. Ukitoka unapigwa risasi. "Tulimsikiliza mpaka akanyamaza," Baba akatafsiri, kisha akatazama dirishani.

Baada ya simu hiyo niliirudia albamu ya Duma, na safari hii sikuwa nikigawa mirathi. Baba alikuwa bado ameketi. Nikamwuliza kama naweza kuongeza sauti, akasema ongeza. Tuliusikiliza wimbo mmoja hadi mwisho wake. Nilimngoja aseme ni kelele. Alisema: "Kijijini, mtu akilia hivi, watu hutoka na tochi."

Mwalimu, nadhani hilo ndilo jibu. Kiswahili chenyewe kinatofautisha kelele na yowe. Kelele ni usumbufu, nawe una haki ya kuomba zipunguzwe. Yowe ni mwito, na aliyelisikia ana deni. Yowe halina maneno kwa sababu anayelipiga hana nafasi ya kupanga sentensi, wala msikilizaji hahitaji tafsiri. Tuna sauti nyingine za namna hiyo, na hatuziulizi maneno yake yako wapi. Kigelegele hakina neno hata moja, lakini hakuna harusi ya pwani isiyokielewa. Siwa ya Pate ya pembe za ndovu, na ile ya Lamu ya shaba, hazikuwahi kutamka kitu, na bado mji mzima ulijua zinapopulizwa nini kinatukia. Mmoja wa nyimbo za Duma unaitwa Pembe 666. Neno letu limo humo, kwenye jina.

Je, hii ina maana kwamba Duma wanaimba kuhusu Murang'a ya mwaka 1954? Sidai hivyo, na ingekuwa kosa langu la pili kuwatwika vijana wawili historia ya nyanya yangu. Ila jambo moja linajulikana. Lord Spikeheart alipotoa albamu yake ya peke yake mwaka 2024, The Adept, aliitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyepigana msituni na Mau Mau hadi akafikia cheo cha fildi mashali, na ambaye ni wa ukoo wake. Mama huyo alifariki Septemba 2023. Kwa hiyo mtu anayepiga mayowe kwenye albamu ile anajua msitu uko wapi.

Nilikuwa nikisema kwamba Duma ni wajukuu wa Birmingham. Bado nasema hivyo, kwa upande wa gitaa na midundo. Athari ya metali ni ya kweli na ni wizi wa heshima kuificha. Lakini mtu anaweza kuazima jembe kwa jirani akalime shamba la babu yake. Mimi nilimaliza muda wangu wote kulichunguza jembe.

Kuna njia ninayopita siku hizi nikitoka maktaba, kushuka hadi Strand, mbele ya jengo la Mahakama. Oktoba 2012, Mahakama Kuu hapa London iliamua kwamba wazee wa Kenya walioteswa wakati wa hali ya hatari wana haki ya kusikilizwa. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alisimama bungeni akasema serikali inasikitika, na akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Cucu hakuwa miongoni mwao. Baba anasema hakutaka kusimulia mbele ya mtu anayeandika. Iliwachukua wale wazee karibu miaka sitini kupata mtu wa kutoka na tochi.

Sasa nampigia Cucu kila Jumapili. Nimeazima kitabu cha sarufi ya Kikuyu, na irabu ile bado inanishinda. Wiki mbili zilizopita, bila mimi kutarajia, alinijibu kwa Kiswahili. Alisema, "Lala salama." Sijui alilijifunza wapi, na sikumwuliza.

Alhamisi ijayo zamu yangu inarudi. Nitaleta Duma tena, wimbo uleule, na nitaanza kwa kulisahihisha jina. Chai itakuwapo. Ombi langu ni kwamba safari hii tuusikilize hadi mwisho.